Tulinunua Kwanza, Tukazuru Baadaye

Mama mdogo aliolewa Mombasa mwaka 1975, akiwa binti wa miaka 18. Mume wake alikuwa fundi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, mtu wa Pwani aliyehamishiwa Kampala, na babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa mizigo kwenye stesheni ya hukohuko Kampala. Familia zote za reli ziliishi kwenye kota za Nsambya, ukuta kwa ukuta, na kwa sababu huyu alitoka Tororo, yule Kisumu, mwingine Tabora, watoto walikua wakizungumza Kiswahili hata kabla ya kujua vizuri lugha za nyumbani kwao. Hicho ndicho Kiswahili nilichorithi mimi.

Miaka 2 baada ya arusi ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, reli ikagawanywa vipande vitatu, kila nchi ikachukua chake. Mama mdogo alikuwa ameshafuata mume wake Pwani. Tangu hapo alirudi Kampala mara moja tu, mwaka 1998, tulipomzika babu. Mama yangu hajawahi kwenda kwake. Kila mwaka kulikuwa na jambo: ada za shule, ugonjwa, paa la nyumba, kisha uzee. Kwa hiyo nilipopata likizo ya mwanzoni mwa Mei, sikumuuliza Mama kama anataka kwenda. Nilimwambia, "Mama, mwezi ujao tunapanda basi." Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho, lakini mkono ulisimama.

Ninaandika kuhusu siku mbili na nusu kabla ya kuondoka, kwa sababu nilizipanga kinyume, na nimejifunza humo mambo ambayo sikuyajua, mimi niliyejiona mzoefu wa safari.

Mambo ya karatasi yalikwisha Ijumaa. Kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka kwenda Kenya, na hilo limekuwa hivyo tangu 2014, kwa hiyo hatukuhangaika na pasipoti. Kadi za manjano tulizishughulikia mapema, wiki tatu kabla, maana chanjo ya homa ya manjano huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10. Ukichanjwa leo na kusafiri kesho, kadi yako bado haijaanza kazi. Uzuri wake ni kwamba ukichanjwa mara moja, kadi inakutosha maisha yako yote. Tatizo pekee lilikuwa tiketi. Karani wa basi alikuwa ameandika jina la Mama kama tunavyomwita mtaani, Mama fulani, kwa kuwa ndivyo nilivyomtajia kwenye simu. Ilibidi nirudi mpaka kwenye ofisi yao, nipange foleni upya, jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kosa lilikuwa langu. Sasa ninapokata tiketi ya mtu ninakishika kitambulisho chake mkononi na kusoma herufi moja baada ya nyingine.

Jumamosi ndiyo tuliyoingoja. Wenzetu wa nchi za baridi wana majira yao ya maua baada ya theluji. Sisi tuna ttoggo, mvua za Machi mpaka Mei, na mji wa Kampala ukiamka baada ya mvua ya usiku wa ttoggo huwa mzuri kiasi kwamba hata mwenye haraka hupunguza mwendo. Vumbi limelala. Vilima vyote ni vya kijani, udongo wekundu wake umekolea, hewa ina harufu ya majani na mkaa mbichi. Tulikunywa chai, tukala katogo, ndizi za matooke zilizopikwa pamoja na utumbo, na saa mbili na nusu tulikuwa tumeshuka kwenye takisi pale paki ya zamani: mimi, Mama, na binti yangu wa miaka 9 aliyeachiwa kazi ya kushika orodha.

Orodha niliiandika mwenyewe. Ilikuwa na vitu 14, nami niliipenda kwa jinsi ilivyopangwa, duka kwa duka, ili tusizunguke.

Tulianzia Kiyembe, kwenye vitambaa. Mama alitaka dada yake avae gomesi. Kwa asiyelijua, gomesi ni lile vazi refu la akina mama lenye mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto, na mshipi mpana kiunoni. Jina limetokana na fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, na siku hizi hakuna arusi wala kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba ukweni, Buganda isiyokuwa nalo. Nilikuwa na wasiwasi wa vipimo, maana hatujamwona mama mdogo muda mrefu. Fundi akanituliza. Gomesi hufungwa, akasema, mshipi ndio unaoamua. Unachohitaji kukijua ni mabega na urefu. Mama akasimama, akanyoosha mikono. "Nipime mimi," akasema. "Mabega yetu ni ya mama mmoja." Fundi akapima, nasi tukaambiwa turudi saa kumi.

Chini ya gomesi huvaliwa kitambaa kingine cha kuzuia lile la juu lisishikane na mwili. Waganda wanakiita kikooyi. Mama alikichagua cha mistari ya bluu, akakishika, akacheka peke yake. "Hiki tunampelekea kwao," akasema. Ni kweli, kikooyi ni kikoi cha Pwani, kimepanda na njia ya reli na misafara ya kabla ya reli, kimefika huku kikageuzwa nguo ya ndani ya gomesi. Tulikinunua hivyohivyo. Kitarudi kwao kikiwa na kazi nyingine.

Kutoka hapo tukaingia Owino. Jina rasmi la soko ni St. Balikuddembe, lakini sijawahi kumsikia mtu akimwambia kondakta wa takisi kwamba anashukia St. Balikuddembe. Unapoingia kutoka kwenye jua, macho yanachelewa. Njia ni nyembamba, juu kuna maturubai, chini kuna matope yaliyotandikwa mbao, na kila unapopita unaitwa: nyabo, karibu, nyabo, tazama hiki. Mama alinishangaza. Mimi nilikuwa nimemshika mkono nikidhani atachoka, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananiongoza. Alijua karanga za kusaga zipatikane wapi na kwa nani, na hakununua mpaka alipochovya kidole na kuonja. Alikataa mbili za kwanza. "Wamechanganya unga wa mahindi," akaninong'oneza kwa Kiswahili, ndiyo lugha yetu ya siri sokoni. Tukanunua kilo mbili za karanga, kilo ya odi, ile ya karanga na ufuta uliosagwa pamoja, mukene, yaani dagaa, waliokauka vizuri wasiotoa mchanga, na kahawa za kutafuna.

Kisha nsenene. Huyu ndiye aliyekuwa namba 1 kwenye orodha, kwa sababu mama mdogo aliomba mwenyewe. Katika ujumbe wa sauti aliotutumia, kwa Kiswahili chake laini cha Mvita kinachonifanya nione changu kina miiba, alisema, "Mwanangu, mkija, kama zipo, niletee panzi wa kwetu. Hata kidogo, nitie ulimini tu." Panzi hawa huja mara mbili kwa mwaka. Novemba ndio msimu mkubwa, mwezi ambao kwa Kiganda unaitwa Musenene, na Aprili na Mei ndio mdogo. Msimu mdogo hauna uhakika. Kuna miaka wanakuja wengi, kuna miaka unaambulia vichache kutoka Masaka kwa bei ya nyama. Tulizunguka sana. Wanawake wawili tu ndio tuliowakuta nazo, wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, wanang'oa mabawa na miguu kwa kasi ambayo huwezi kuifuata kwa jicho. Kikombe kimoja shilingi 15,000, hazijakaangwa. Nilitaka kubishana. Mama akanibana mkono, akatoa pesa za vikombe vitatu kwenye fundo la leso yake, pesa ambazo sikujua kama anazo.

Aliniambia pale pale, tukisubiri zifungwe, kwamba bibi yake hakuwahi kuonja nsenene maisha yake yote. Wanawake wa Buganda wa zamani walizikamata, wakazing'oa mabawa, wakazikaanga, wakawapelekea wanaume, wao hawakula. Wala kuku hawakula, wala mayai. Mama na dada yake walikuwa wa kizazi kilichoanza kula, na walianza kwa kujificha nyuma ya kota za Nsambya, chini ya taa za stesheni ambako panzi walikuwa wakidondoka usiku. "Mmoja anakula, mmoja anaangalia baba asije," akasema Mama. Binti yangu aliacha orodha akamtazama bibi yake kana kwamba amemwona leo.

Ilipofika saa tisa orodha ilikuwa imekwisha. Vitu vyote 14 vilikuwa na alama. Tulikuwa na makavera, mifuko ya plastiki, ya kila rangi, meusi, meupe, ya mistari, moja ndani ya jingine. Tukachukua gomesi, tukarudi nyumbani. Nilivipanga vyote kwenye mabegi mawili, nikavuta zipu, nikajisikia mtu aliyemaliza kazi yake.

Kosa lenyewe ndilo hilo. Nilifunga mabegi Jumamosi jioni, na ziara zote nilikuwa nimeziweka baada ya hapo. Nilizichukulia kama heshima tu, kupita kuaga, kunywa chai, kurudi.

Ya kwanza ilikuwa Kireka jioni ileile, kwa mzee mmoja ambaye alikuwa dereva wa treni na rafiki wa babu. Ameshapita miaka 85. Anaishi na mjukuu wake kwenye vyumba viwili, na kiti chake amekiweka mahali ambapo anaona reli ikikata bondeni. Nilimpelekea mkate, sukari kilo mbili na mche wa sabuni, maana hupiti kwa mzee mikono mitupu. Nilipiga magoti nikamsalimia, akanishika kichwa.

"Binti, mnakwenda mpaka baharini?"

"Ndiyo, mzee. Basi mpaka Nairobi, halafu treni mpaka Mombasa."

"Treni ile mpya?"

Nikamweleza. Ilianza mwaka 2017, inatoka pembeni ya Nairobi, Syokimau, na inafika Mombasa kwa muda wa saa tano hivi. Binamu yangu wa huko alikwishatukatia tiketi kwa simu yake. Mzee alisikiliza yote bila kunikatiza.

"Sisi tulilala humo," akasema. "Ulikuwa unalala, unaamka, bado Voi."

Halafu akafumba macho akaanza kuzitaja stesheni kutoka Kampala. Jinja, Iganga, Tororo, Malaba. Eldoret. Alizitaja kwa mpangilio, na kila moja alikuwa na neno lake: hapa maji ya kujaza mashine, hapa mayai ya kuchemsha, hapa wezi wa makaa. Reli iliondoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, lakini Kampala iliifikia mwaka 1931, na mzee anasema baba yake alikuwa kati ya waliokwenda kuitazama treni ya kwanza. Nilijuta sikuwa na daftari. Nilikuwa nimekwenda na saa moja tu mfukoni, na saa moja ikapita tukiwa hatujavuka Nakuru.

Alipofika Timboroa akafumbua macho. "Mna mablanketi?"

Nikamwambia tuna sweta.

"Sweta!" Akatikisa kichwa. "Timboroa ni zaidi ya mita 2,700. Hakuna stesheni iliyo juu kama ile kwenye njia nzima. Barabara ya basi inapita palepale, na nyinyi mtapita usiku wa manane. Mama yako ana miaka mingapi? Mifupa yake ina miaka mingapi? Chukua blanketi la sufu, na soksi, na chupa ya chai ya moto. Baba yake alikuwa akituonya hivyohivyo."

Kwenye orodha yangu ya vitu 14 blanketi halikuwemo. Mimi nilikuwa nawaza Mombasa, joto, nguo nyepesi. Nilipoaga alinitia mkononi noti ya 10,000 iliyokunjwa mara nne, akasema ni ya maji ya njiani. Kwa mzee wa hali yake ile ni pesa nyingi. Nilitaka kukataa, nikakumbuka kwamba mtu hukatai baraka, nikaipokea kwa mikono miwili.

Jumapili tulikwenda Mukono kwa mjomba, kaka yao mkubwa. Ni mwendo wa kilomita kama 20 tu kutoka mjini, lakini Jumapili asubuhi foleni ya barabara ya Jinja huifanya safari nzima. Kutoka Mukono tulipanda boda mpaka kijijini, Mama akikaa upande mmoja na sketi yake imebanwa vizuri, mimi nyuma na boda nyingine nikimwombea.

Mjomba anaishi kwenye kiwanja cha migomba na kahawa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na majani yalikuwa bado yanadondosha maji. Mkazamjomba alikuwa ameamka alfajiri kufunga matooke kwenye majani ya mgomba, na chakula kilipofunguliwa mvuke wake ulijaa chumba. Kulikuwa na kuku kwenye luwombo, aliyepikwa amefungwa ndani ya jani la mgomba, na mchuzi wa karanga wenye butiko bubaala, vile viuyoga vidogo vyeupe vinavyochipuka vyenyewe kwenye vichuguu mvua ikizidi. Hatukuzungumza mpaka tulipokula. Hiyo ni desturi ya mjomba: mwenye njaa huleta habari zenye njaa.

Baada ya kula alimwita Mama ndani, na kwa ishara akaniita na mimi. Juu ya kabati palikuwa na mkeka umeviringishwa, umefungwa kamba. Ulikuwa mkeka wa bibi, aliousuka mwenyewe kwa ukindu, rangi ya zambarau na nyeupe. Mwaka 1998, vilipogawanywa vitu vya wazee baada ya msiba, mama mdogo alipewa mkeka huo, lakini alikuja na mtoto mgonjwa mgongoni na hakuweza kuubeba. Akasema, "Nitunzie, kaka." Mjomba akautunza. Kila msimu wa kiangazi aliuanika, akaupiga vumbi, akauviringisha tena. Hakuwahi kuutandika hata mara moja, hata siku za wageni.

Mama aliuinua akaunusa. Hakulia, lakini alikaa nao mapajani muda mrefu, nami nikatoka nje.

Mkazamjomba ndiye aliyenikuta nje. Yeye ni mfanyabiashara. Amekuwa akivuka Busia na nguo kwa miaka mingi, anaujua mpaka ule kuliko jikoni kwake. Aliniuliza tumefunga vipi. Nikamweleza kwa fahari, kila kitu na kavera lake, mukene wametengwa wasinukie gomesi.

Akanitazama. "Makavera? Kwenda Kenya?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017, na adhabu yake kwenye vitabu inafika faini ya mamilioni ya shilingi zao, au kifungo. Msafiri wa kawaida hafungwi, akasema, lakini mifuko yako inamwagwa palepale mezani, usiku, basi linapiga honi, na wewe umebaki na karanga mikononi na mama mzee anatetemeka. Ameona watu wakiacha unga wao mpakani. Kwetu kavera bado liko kila kibanda, na mtu aliyelizoea halioni tena, kama mimi nilivyokuwa silioni.

"Sasa nitabebaje?" nikamuuliza.

Akaita watoto. Tulirudi Kampala na vikapu vitatu vya kusukwa, mzigo wa majani ya mgomba, kifungu kikubwa cha byayi, yale maganda makavu ya mgomba, chane mbili za matooke, butiko waliokaushwa, na mkeka. Dereva wa takisi alituuliza kama tunahama.

Usiku wa Jumapili nilifungua zipu zote mbili nikamwaga kila kitu sakafuni. Ninakiri nilikuwa na hasira, nimechoka, kesho yake ndiyo safari. Mama alitandika gunia, akakaa chini, akanyoosha miguu, akaomba nimpashie majani ya mgomba juu ya moto ili yalainike yasipasuke. Kisha akaanza.

Sikujua kwamba mama yangu anajua kufunga hivyo. Nimekaa naye miaka yote hii, nimemwona akifunga vitu kwenye kavera kama kila mtu. Alilaza jani, akaweka karanga za kusaga katikati kama tofali, akakunja upande huu, upande ule, ncha akazikutanisha juu, akazungusha uzi wa byayi mara mbili, akakaza kwa meno. Kifurushi kikatoka kimebana kama ngoma. Cha pili mukene, kwa majani makavu, matabaka matatu, na kweli harufu ikabaki ndani. Kahawa zikaingia kwenye vifuko vidogo vya byayi, mbili mbili, kama zinavyouzwa kwa wageni wa heshima. "Hivi ndivyo tulivyompelekea baba chakula stesheni," akasema. "Kavera lilitoka wapi wakati ule?" Alikuwa akifunga na kusimulia, na mikono haikukosea. Nilijaribu kifurushi kimoja, kikafumuka. Akanionyesha tena bila kunicheka. Cha nne ndicho kilichosimama.

Nsenene tulizikaanga usiku uleule. Hazitaki mafuta, zina yake. Unaziweka kwenye sufuria kavu, moto mdogo, zinaanza kutoa maji, halafu zinaanza kutoa mafuta, halafu unaweka kitunguu na pilipili na chumvi, na nyumba yote inaamka. Binti yangu alitoka kitandani. Mama akamwekea tano kwenye kiganja. Zilizobaki zikapoa, zikaingia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, na mtoto akakata vipande vya karatasi akaandika majina: KARANGA, MUKENE, KAHAWA. Kwenye chupa aliandika: ZA KULA BILA KUJIFICHA. Mama aliomba asomewe mara mbili.

Saa sita usiku tulikuwa na vikapu vitatu na begi moja tu la nguo. Begi la pili lilibaki tupu. Juu kabisa nililaza blanketi la sufu.

Ningepanga upya siku zile, ningeanza na Kireka Ijumaa, Mukono Jumamosi, ndipo niingie sokoni Jumapili baada ya ibada, maana Owino haifungwi. Nisingenunua begi jipya. Nisingenunua mukene wengi vile, kwa sababu mjomba aliniambia mama mdogo hakuwapenda hata utotoni. Ningekwenda kwa yule mzee na daftari na mchana mzima. Ninapanga kurudi, na nikirudi tutaanzia Nakuru.

Jumatatu alasiri tulipanda basi. Mkeka haukuingia kwenye buti. Utingo aliutaka, Mama akakataa kwa upole, akausimamisha kati ya magoti yake, na jirani yetu wa kiti akasogeza miguu bila kusema neno. Mpakani Malaba tuliteremka na vikapu. Afisa mmoja wa upande wa Kenya, kijana, alimulika tochi.

"Mama, kuna plastiki humu?"

"Hamna, mwanangu. Ni majani matupu."

Akagusa kifurushi kimoja kwa kidole, akaugusa uzi wa byayi, akasema bibi yake wa Busia alikuwa anafunga hivyo. Akatupisha.

Nilisinzia baada ya Eldoret. Baridi ndiyo iliyoniamsha. Blanketi lilikuwa juu yangu lote. Mama alikuwa amekaa wima na leso mabegani, chai imepoa kwenye kifuniko cha chupa, uso kwenye dirisha.

"Tumefika wapi?" nikamuuliza.

"Nimemuuliza utingo. Anasema Timboroa."

Akafuta kioo kwa ncha ya leso. Nje hapakuonekana kitu, ukungu tu, na taa moja ya mbali. Nikamfunika blanketi. Aliendelea kutazama.